Papa, Sifa Ameanza Kunywa Maziwa ya Ng'ombe

Papa,

Siku Sifa alipotimiza mwaka mmoja nilichemsha maziwa ya ng'ombe asubuhi mapema, nikayaacha yapoe, nikamtilia kidogo kwenye kikombe chake cha plastiki chenye masikio mawili. Alionja, akanitazama kama mtu anayejiuliza kama amedanganywa au la. Kisha akanyoosha mkono, akataka tena. Watoto wakapiga makofi. Mume wangu Deo naye akapiga makofi. Mimi niliweka sufuria chini, nikaingia chumbani kwako, nikakaa juu ya kitanda chako, maana mtu aliyepaswa kushika kikombe kile ni wewe. Ulikuwa umehesabu miezi ya mjukuu wako kwa vidole, mmoja mmoja. Ulituacha zikiwa zimebaki siku kumi na sita tu.

Hiyo ni miezi minne iliyopita. Tangu siku ile nataka kukuandikia na ninashindwa. Sijawahi kukuandikia barua, Papa. Tuliishi lupango moja, ua mmoja, tangu Mama alipofariki, mlango wako ukitazama mlango wangu, na lolote nililotaka kukuambia nilikuambia huku nikipepeta mchele. Isipokuwa jambo moja. Hilo ndilo lililonikalisha hapa mezani leo, watoto wakiwa shuleni na Sifa amelala.

Acha nianze mwanzoni, hata kama mengi unayajua. Nataka kuyasema yote kwa utaratibu, nisijifiche mahali popote.

Mdogo wangu Godeliva alimzaa Sifa, akaishi siku tatu. Mumewe alikuja kutoka Manono, anakofanya kazi ya machimbo, akalia, akazika, akarudi. Mtoto akabaki mikononi mwangu. Rehema wangu, niliyemzaa mwisho, alikuwa na miaka saba, na maziwa yangu ya mama yalikuwa yamekauka siku nyingi. Ikawa hakuna njia ila maziwa ya kopo, yale ya unga ya watoto wachanga.

Kopo lile lilikuwa mfalme wa nyumba yetu. Lilikaa juu ya kabati, limefunikwa kitambaa cheupe, na aliyeruhusiwa kulishusha ni mimi peke yangu. Rehema na kaka yake Patrice niliwaambia kwamba wao zamu yao imekwisha, sasa ni zamu ya mtoto. Deo alikunywa chai ya rangi. Mimi vilevile. Wewe, Papa, sikukuambia kitu, kwa sababu haikunipitia akilini kwamba mzee wa miaka sabini na zaidi anaweza kuwaza maziwa. Nyumbani kwetu mambo yalikuwa hivyo: mtoto wa kunyonya anakunywa, mtoto wa shule anaonja siku ya Noeli, mtu mzima anatia kidogo kwenye chai akiwa mgonjwa, na mzee anapewa uji wa mahindi. Hakuna aliyekaa chini akatunga sheria hiyo. Tuliikuta tu, tukaishi nayo.

Wakati huohuo wewe ulikuwa umeanza kugawa chakula chako. Samaki wako ulimsogezea Patrice. Nyama, siku ilipopatikana, ulimpa Rehema. "Acha batoto bale, mimi nimeshiba," ulisema, ukachovya tonge la bukari kwenye mchuzi, ukameza. Nilifikiri ni upendo wa babu. Nilijisifia hata kwa wenzangu wa kwaya: baba yangu, huyo, anajinyima kwa ajili ya wajukuu. Nilikuona umepungua mashavu, nikasema moyoni ni huzuni ya Godeliva.

Halafu ile siku.

Nilikuachia Sifa amelala, nikaenda sokoni. Ndagala, dagaa wa ziwani, zilikuwa chache asubuhi hiyo, kwa hiyo nilirudi kabla ya saa sita. Sikukuta mtu sebuleni. Nikapita nyuma ya jikoni. Ulikuwa umekaa kwenye kigoda, sahani ya bukari ya jana juu ya magoti yako, na kopo la Sifa kando ya mguu wako, limefunguliwa. Ulikuwa umenyunyiza unga wa maziwa juu ya bukari, umetia maji moto, na unaponda kwa kijiko polepole mpaka ilainike kama chakula cha mtoto. Kitambaa cheupe ulikuwa umekikunja vizuri, ukakiweka begani.

Nilipiga kelele. Papa, nilipiga kelele mpaka jirani yetu Mama Furaha akachungulia juu ya uzio. "Papa! Maziwa ya Sifa! Mutoto hana mama!" Hapo ningenyamaza ingetosha. Sikunyamaza. Nikasema, "Muzee muzima, na mvi zako, unanyonya pamoja na mujukuu wako? Hauna haya?"

Mama Furaha akacheka. Si kwa ubaya, ni vile watu wanavyocheka kitu kikiwachekesha, lakini uliisikia ile sauti, na mimi niliona umeisikia.

Hukunijibu kwa hasira. Ulifunika kopo, ukalifuta kwa kiganja, ukanikabidhi kwa mikono miwili, namna mtu anavyompa mkubwa wake kitu. "Ni kweli, njo vile, mwanangu. Nimekosa." Ukaingia chumbani. Jioni nilimtuma Rehema akuite ule, ukamwambia tumbo limejaa.

Kesho yake asubuhi kitanda chako kilikuwa kimetandikwa. Ndala hazipo. Koti lako la kijivu halipo.

Deo alienda bandarini kuuliza. Alienda stesheni, ambako rafiki zako wa zamani wa reli bado wanakaa chini ya lile paa wakicheza drafti. Hakuna aliyekuona. Mimi nilikwenda makaburini kwa Godeliva nikiwa na Sifa mgongoni, kwa sababu nilijua mtu aliyeumizwa huenda kwa watu wake. Hukuwepo. Nikashuka mpaka ziwani, nikatembea kando ya maji nikiangalia kila mzee mwenye koti. Sitaki kukuambia nilichokuwa nakifikiri. Siku ya pili, bombani, wanawake walininyamazia nilipofika, na mwanamke ambaye hata simjui vizuri akamwambia mwenzake, "Njo huyu alimufukuza baba yake juu ya maziwa." Nilijaza ndoo yangu nikaondoka.

Siku ya tatu, saa nane mchana, pikipiki ilisimama nje. Ulikuwa umepanda nyuma ya dereva, umekumbatia bidoni, dumu la njano, kwa mikono yote miwili kama mtu aliyebeba mtoto. Ulishuka kwa shida. Vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilitaka kukuangukia miguuni na nilitaka kukugombeza, vyote kwa pamoja, na kilichotoka kinywani ni swali tu.

"Papa, ulikuwa wapi?"

"Kwa ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Ng'ombe ni ng'ombe, mwanangu. Chukua, ni maziwa ya Sifa. Usichemushe kwa moto mukali, yatashika chini."

Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba ulikuwa kijana kabla ya reli. Ulituambia zamani, tukiwa wadogo, kwamba ulikamua ng'ombe za misheni kule juu ya Moba, kwenye baridi ya milima ya Marungu, na kwamba kule jioni kikombe cha kwanza kilikuwa cha wazee. Tulisikiliza vile watoto wanavyosikiliza, kwa sikio moja. Sasa ulikuwa umetembea kwa miguu kupita Katanika, ukauliza njia kwa watu, mpaka kwa mfugaji mmoja, Papa Yeremia, na umerudi na bidoni imejaa.

Ulikuwa na furaha, Papa. Hilo ndilo linaloniuma nikikumbuka. Ulioga, ukavaa shati la Jumapili, ukasema twende kituo cha afya wampime mtoto na wayaone maziwa.

Mama Koleta, yule munganga wa kituo anayepima watoto wa kartie yetu, mtaa mzima, alifungua bidoni akanusa. Akatabasamu. "Ni mazuri sana, Papa. Lakini si ya huyu."

"Nimeyakamua kwa mikono yangu," ukasema.

"Naona. Lakini huyu ana miezi miwili. Tumbo lake na figo zake bado haziwezi maziwa ya ng'ombe. Aendelee na ya kopo. Akifika miezi sita tutamuongezea uji. Akitimiza mwaka, hapo njo utamupa haya, ukiyachemusha vizuri."

Niliona mabega yako yakishuka. Ulitazama bidoni, ukamtazama Sifa, ukakaa kwenye benchi la akina mama wenye watoto, ukawa kama mtu aliyefika stesheni treni imeondoka. Siku tatu za taabu. Na mimi nilisimama pale na kadi ya mtoto mkononi.

Mama Koleta akakuangalia. Halafu akauliza, "Na Papa mwenyewe, anakunywa?"

"Mimi ni muzee."

"Njo maana nakuuliza. Fungua kinywa, Papa."

Ulifungua. Sikuwa nimeangalia ndani ya kinywa chako tangu lini? Sijawahi. Upande wa kushoto hapakuwa na kitu. Upande wa kulia meno mawili, na moja ufizi wake umevimba, mwekundu. Akakupandisha kwenye mizani ya watu wazima, akaandika, akakusaidia kushuka. Kisha akanigeukia mimi.

"Mama Patrice, tangu lini muzee hatafuni?"

Sikujua. Ulijibu wewe, kwa sauti ya chini, "Tangu kabla ya Pasaka." Pasaka! Miezi yote ile samaki uliyekuwa unawasogezea watoto hukuweza kumtafuna. Shibe uliyokuwa unatuambia haikuwepo. Ulikuwa na njaa ndani ya nyumba yangu, mbele ya macho yangu, na ukaona haya kuniambia kwamba kinywa chako kimerudi utotoni.

Mama Koleta hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alieleza tu, kwa upole, kama anavyoeleza kila siku. Mtoto mchanga ana maziwa yake. Mtoto wa shule mifupa inarefuka, apewe yakipatikana. Watu wa makamo kama mimi na Deo tunaweza kukosa tukavumilia, tuna maharage, tuna ndagala tunazotafuna na miba yake. Lakini mzee aliyeacha samaki na maharage kwa sababu ya meno, nguvu zake zitatoka wapi? Akaweka mkono wake begani kwako. "Bidoni hii ni ya huyu," akasema.

Tulirudi kwa miguu. Wewe mbele na bidoni, mimi nyuma na Sifa. Nilikuwa nimeshatengeneza maneno kichwani. Nilikuwa nayasema kimyakimya, hatua kwa hatua, nikisubiri tupite kelele za pikipiki za barabara kubwa. Tulipofika penye utulivu ukageuka, ukasema, "Tupite sokoni tuchukue chungu kidogo. Haya mengine tutayagandisha, tufanye mashanza." Na uso wako ulikuwa umefunguka tena. Nikasema, "Sawa, Papa." Tukanunua chungu.

Hapo ndipo miezi yetu mizuri ilipoanza, na ninashukuru Mungu ilikuwepo. Papa Yeremia alikuwa anatuma bidoni kila Jumanne na Jumamosi. Wewe ndiye uliyekuwa bwana wa maziwa. Ulichemsha, ukagawa. Ulimfundisha Rehema kujua kama yameganda kwa kutikisa chungu na kusikiliza. Watoto walipata kikombe asubuhi kabla ya shule, na Patrice, aliyekuwa anasinzia darasani, mwalimu wake akaniuliza nimempa dawa gani. Wewe ulikuwa na bakuli lako la mashanza na bukari laini, ukila taratibu, macho umefumba. Mashavu yalirudi. Jino lile bovu lilitolewa, ukaliweka kwenye mfuko wa koti ukawatisha nalo wajukuu.

Na Deo! Unakumbuka jinsi alivyokataa? "Mimi mwanaume wa miaka arobaini, nitengeneze mashine za boti siku nzima, nirudi nyumbani ninywe maziwa?" Wiki moja baadaye alikunywa vikombe viwili vya maziwa matupu akidhani hatumwoni, na tumbo, ambalo lilikuwa halijaona maziwa tangu utoto wake, likamwendesha chooni mpaka jua likazama. Ulicheka, Papa, ulicheka ukashika ubavu. Kisha ukamhurumia, ukamwambia, "Mukwe wangu, tumbo la mutu muzima limesahau. Anza na mashanza, kidogokidogo, litakumbuka." Siku hizi anakula bakuli zima. Mwenyewe anaosha chungu.

Nilijaribu kukuomba msamaha mara nne. Nataka ujue nilijaribu. Mara ya kwanza ni siku ile ya kutoka kituoni. Mara ya pili nilikuletea bakuli, nikakaa karibu nawe, nikasema, "Papa, ile siku nyuma ya jikoni..." Ukaonja, ukasema, "Leo imeganda vizuri. Ni Rehema huyu?" Mara ya tatu Mama Furaha akaingia kuomba moto. Mara ya nne ulikuwa umeshashikwa na kile kikohozi cha msimu wa mvua, nikaona aibu kumpa mgonjwa mzigo wa maneno yangu. Nilisema moyoni, apone kwanza. Hukupona. Asubuhi ile ulimwomba Rehema akuletee Sifa, ukamshika kidole kimoja kimoja ukihesabu, ukafika kumi na moja kwa kurudia kimoja. Mchana ukalala, na hukuamka.

Sasa nifike mahali pagumu.

Siku ya pili ya kilio chako Papa Yeremia alikuja. Nilikuwa sijamwona uso wake hata siku moja. Nilijua maziwa yake tu. Mtu mrefu, mkimya, ameshika fimbo. Alileta bidoni mbili kwa ajili ya waliokesha, akasalimia watu mmoja mmoja, akaomba nafasi ya kusema. Akawaambia watu jinsi ulivyofika kwake.

Alisema ulifika umechoka, ukaomba maziwa ya mtoto ambaye mama yake amekufa. Alikuambia ya asubuhi yameshauzwa. Ukamwambia, "Sina kitu, lakini nina mikono." Palikuwa na ng'ombe wake mmoja amevimba kiwele, hagusiki, anapiga mateke, na ndama analia njaa. Uliomba maji ya moto na kitambaa. Ulikaa chini ya ng'ombe yule, ukimkanda na kumwongelesha kwa Kitabwa, ukitoa yale maziwa mabaya yaliyoganda ndani, jioni na asubuhi, siku mbili. Siku ya tatu akasimama mwenyewe akamkubali ndama. Papa Yeremia alisema watu wake walikuja kutazama tu, na akaapa hapo hapo kwamba maziwa ya mjukuu wako hayatakosa.

Kisha akasema neno moja zaidi, na hakujua mimi ni nani katika neno hilo. "Jioni zote mbili nilimupa kikombe anywe. Alikataa. Nikamwambia, Papa, kunywa, ni mengi. Akasema hapana, binti yangu alinikumbusha kwamba mimi nimekwisha kunywa yangu, haya ni ya mutoto."

Papa.

Umetembea siku nzima na tumbo tupu, umekaa katikati ya maziwa siku mbili, huna jino la kutafunia, na ukakataa kikombe kwa sababu ya kinywa changu. Nilitoka nje. Mama Furaha alinifuata nyuma ya jikoni, akanikuta nimekaa kwenye kigoda chako. Alilia pamoja nami; naye alikuwa anakumbuka kicheko chake.

Ndiyo maana kalamu ilikuwa inakataa. Kumwomba msamaha mtu kwa neno baya ni jambo moja. Kugundua kwamba alilitii lile neno ni jambo lingine.

Nikupe habari za tangu ulipoondoka, usidhani tunakaa tukilia tu. Rehema ndiye bwana wa maziwa sasa, na ni mkali kuliko wewe; hakuna anayegusa chungu bila ruhusa yake. Patrice ananipita urefu. Baba yake Sifa alikuja kutoka Manono, mtoto akamlilia kama mgeni, halafu akamzoea, akalala kifuani kwake. Papa Yeremia bado anatuma bidoni, na kila mara dereva anatoa salamu kwa "nyumba ya Papa Onezimo". Nyumba bado ni yako.

Mama Koleta aliniomba niongee na akina mama siku ya kupima watoto. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu nilisimama. Nikawaambia kuhusu mtoto mchanga, kwamba maziwa ya ng'ombe si yake bado, hata kama yametoka mbali na kwa upendo. Nikawaambia kuhusu watoto wa shule. Nyuma kabisa palikuwa na bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake, kitenge kimefifia, akapaza sauti, "Na sisi wenye kuzeeka, munatusema lini?" Wanawake wakacheka. Papa, kilikuwa kicheko kilekile. Mimi sikucheka. Nikamwambia, "Mama, sasa hivi," nikawasimulia habari zako, na sikuruka kitu. Nilisema hata lile neno la kunyonya. Mmoja akaniuliza, "Na alikusamehe?" Nikajibu sijui, sikumwuliza.

Wiki hiyohiyo Mama Furaha alikuja na bakuli. Si lake, la mama mkwe wake, ambaye anakaa chumba cha nyuma na Mama Furaha aliniambia kwa aibu kwamba hajui tangu lini bibi huyo hali nyama. Sasa kila Jumanne na Jumamosi Rehema anajaza mabakuli matatu ya wazee kabla hajajaza letu. Mmoja wao ni mzee wa drafti kutoka stesheni. Anasema mashanza yako yalikuwa makali zaidi.

Mimi pia nilikuwa nimejisahau. Mama Koleta aliniambia nisisubiri mpaka nizeeke ndipo nijali mifupa yangu. Nakunywa nusu kikombe asubuhi. Mwanzoni nilikunywa nikiwa nimesimama, kama mwizi. Sasa nakaa.

Papa, Sifa anaamka, namsikia anagonga kitanda. Nikuage kabla hajaanza kuita. Usiwe na wasiwasi juu yake, ana meno manane na anauma kila mtu. Lala vizuri kando ya Mama na Godeliva. Wasalimie.

Naahidi hivi. Kiangazi kikifika, barabara ikikauka, nitampeleka Sifa kwa Papa Yeremia, amwone yule ng'ombe na ndama wake aliyekua. Na siku atakapofika umri wa kuelewa, habari ya babu yake ataisikia kutoka kwangu mimi, yote, pamoja na nilichokutendea, asije akaisikia bombani. Asiponipenda siku hiyo, nitangoja.

Nisamehe, Papa. Neno hili nimeliandika mwisho kwa sababu kila nilipolianza juu ya karatasi nililikata. Sasa limekaa. Silikati tena.

Binti yako,
Anjelina